Je, ni sindano ya kupunguza uzito au utumbo umeamka?

Mwenye ugonjwa wa Crohn au kolaitisi ya vidonda, magonjwa sugu ya kuvimba utumbo, akianza semaglutidi, sindano ya kupunguza uzito, wiki za mwanzo humchanganya. Anaharisha, tumbo linasokota, chakula hakina ladha. Ni dawa hiyo, au ni ugonjwa uliokuwa umetulia?

Dawa hii huiga homoni ambayo utumbo hutoa mtu anapokula: hamu hupungua, na chakula hukawia kutoka tumboni. Kichefuchefu, kuharisha au kufunga choo huzidi kila dozi inapopandishwa. Kwa kupunguza uzito, sindano huanza na miligramu 0.25 kwa wiki, na baada ya wiki 4 hupanda hadi 0.5, kisha 1, 1.7 na 2.4. Basi tazama kalenda. Kuharisha kulikoanza siku chache baada ya kupanda dozi, bila damu, kukapoa chenyewe, mara nyingi ni dawa. Damu kwenye choo, homa, au choo cha kukuamsha usiku, hayo usiisingizie sindano.

Hapo hakuna kukisia. Kipimo cha kalprotektini hutafuta kwenye kinyesi protini ya chembe nyeupe za damu zinazomiminika utumbo unapovimba. Ikizidi mikrogramu 250 kwa gramu, kuna uwezekano mkubwa ugonjwa umeamka. Pima kabla ya sindano ya kwanza, la sivyo hutakuwa na cha kulinganishia.

La kuogopwa zaidi ni makovu ya Crohn, ambayo huubana utumbo. Tumbo likijaa, ukatapika, choo na hata ushuzi visitoke, ni hospitali saa hiyo hiyo. Anayejijua ana sehemu iliyobanwa amwambie daktari mapema, na akikatazwa sindano asibishane.

Mwingine wa kuwa macho ni anayemeza azathioprini, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, kwa kuwa dawa zote mbili zaweza kuvimbisha kongosho. Maumivu makali juu ya kitovu yanayopenya hadi mgongoni hayangoji miadi.

Kuacha sindano nako hakuleti nafuu kesho yake: kila wiki hutoka kama nusu tu, na mabaki hudumu wiki 5 hivi. Kwa hiyo ukipangiwa upasuaji, daktari wa nusukaputi aambiwe mapema, maana chakula kilichobaki tumboni chaweza kuingia mapafuni ukiwa umelala.

Halafu kuna mtego wa mizani. Utumbo uliovimba nao hukondesha, na sifa zote zikaenda kwa sindano. Kilo zikishuka huku wingi wa damu na albumini (protini ya damu) navyo vikishuka, mrudie daktari wa utumbo kabla ya kupanda dozi nyingine.