Kwa nini mshahara wa mtaalamu wa lishe Marekani haukuelezi digrii ya lishe inalipa kiasi gani?

Mpwa wangu anayeishi Ohio alipokaribia kumaliza sekondari aliniuliza, "Mjomba, nikisoma digrii ya lishe tiba, mshahara utalimudu deni?" Nilimjibu siku hiyohiyo. Takwimu za kazi za serikali ya Marekani za Mei 2024 zinataja mshahara wa katikati wa wataalamu wa lishe kuwa dola 73,850 kwa mwaka: wapange wote kuanzia anayelipwa kidogo hadi anayelipwa kingi, umchukue aliye katikati. Deni la digrii ya kwanza aghalabu halifiki nusu ya hapo. Nikamwambia aende tu.

Nilikosea, na kosa hilo ni la watu wengi. Nilichukua mshahara wa kazi fulani nikaubandika kwenye cheti ambacho peke yake hakimfikishi mtu kwenye kazi hiyo.

Tangu tarehe 1 Januari 2024, anayeanza safari leo hawezi kukaa kwenye mtihani wa usajili wa wataalamu wa lishe bila shahada ya uzamili. Zamani digrii ya kwanza na mafunzo ya vitendo vilitosha. Kwa hiyo zile dola 73,850 zinajumuisha watu wengi waliopitia mlango ambao sasa umefungwa, wengine wakiwa na uzoefu wa miaka ishirini. Mafunzo ya vitendo nayo yapo palepale: saa zisizopungua 1,000 chini ya msimamizi, mara nyingi bila malipo, na mara nyingi mwanafunzi ndiye anayelipa ada ili afanye kazi. Anayeishia digrii ya kwanza anaweza kufanya mtihani wa fundi sanifu wa lishe, na mshahara wa katikati wa mafundi hao ni takriban nusu ya ule niliomtajia mpwa wangu.

Basi nikaenda College Scorecard, tovuti ya serikali inayoonyesha kipato cha wahitimu kozi kwa kozi, chuo kwa chuo. Nilidhani hapo nimefika. Lakini kipato kinachooneshwa pale ni cha wahitimu wanaofanya kazi na ambao hawako masomoni wakati wa kupimwa.

Chukua mfano wa mtu anayetaka kujua uvuvi wa siku umekwendaje. Anafika ufukweni saa nne asubuhi na mizani yake, anapima samaki walioshushwa. Atakuta ngalawa zilizovua karibu na miamba. Mashua zilizokwenda maji makuu hazijarudi. Haandiki kwamba zimepata sifuri, haziandiki kabisa. Jioni akisoma daftari lake atasema bahari ina changu wadogo, na atakuwa amesema kweli kuhusu ngalawa na kukosea kuhusu bahari.

Katika kozi ya uhasibu hilo halisumbui sana, kwa kuwa wengi huingia kazini moja kwa moja. Katika lishe, kipato kikipimwa mwaka mmoja baada ya mahafali, wale waliolenga usajili huwa bado wako darasani. Wanaobaki kupimwa ni walioanza kazi mapema: jikoni kwenye nyumba za wazee, katika mpango wa WIC unaohudumia lishe ya kina mama na watoto, au nje kabisa ya fani.

Upande wa deni una ajabu yake. Mwanafunzi anayehesabiwa kuwa tegemezi kwa wazazi hakopeshwi na serikali zaidi ya dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili, na 7,500 kila mwaka kwa miwili ya mwisho. Jumla 27,000. Debe likijaa limejaa, uwe umesoma lishe au historia. Ndiyo maana madeni ya kozi mbalimbali hukaribiana mno. Mikopo ya benki binafsi na ile ya wazazi haimo katika hesabu hiyo, na ule wa uzamili pia haumo. Tena idara nyingi za lishe ni ndogo, kwa hiyo takwimu zao hufichwa kulinda faragha ya wahitimu.

Nilikaa na kikokotoo. Kwa riba za mwaka wa masomo 2025–26, dola 27,000 zikilipwa kwa miaka 10 ni kama dola 305 kwa mwezi. Ongeza miaka miwili ya uzamili kwa mkopo wa dola 20,500 kila mwaka, unafika kama 800, bila kuhesabu riba iliyojilimbikiza masomoni. Kwa mtaalamu wa katikati, hiyo ni asilimia 13 ya mshahara kabla ya kodi, si mbali na makato ya HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, ya asilimia 15 kwa Tanzania. Fundi analipa karibu asilimia 10, lakini kinachobaki mfukoni mwake ni zaidi kidogo tu ya nusu ya kinachombakia mtaalamu.

Nilimpigia mpwa wangu na kumwomba radhi. Lishe bado anaitaka. Sasa anatafuta vyuo vinavyounganisha digrii, uzamili na mafunzo ya vitendo ndani ya miaka mitano, na kila anakoandika anauliza kwanza: saa zile 1,000 zimo ndani ya ada, au zinalipiwa pembeni?