Hamu ya kwao: yanayosemwa na yaliyo kweli kuhusu Wachina wa mjini wanaokwenda vijijini

Sikukuu ya Mwaka Mpya wa Kichina inapoisha na wenye magari wanajiandaa kurudi mjini, kina mama wa vijijini huanza kushindilia mizigo kwenye mabuti ya magari: nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, dumu la mafuta ya kupikia, mboga zilizochumwa alfajiri ileile, na mayai yaliyofukiwa ndani ya mchele yasipasuke njiani. Mtoto analalamika kwamba hata mjini mayai yapo. Mama hasikii. Kila mwaka picha za mabuti hayo huzunguka mtandaoni, na watu wazima wenye kazi zao za heshima huzitazama wakimeza mate na machozi kwa pamoja.

Hali hiyo Wachina wana neno lake: xiangchou. Xiang ni kijiji, au kwao mtu. Chou ni majonzi. Sisi inabidi tuzunguke kidogo, tuseme hamu ya kwao, ingawa hapo majonzi yamepungua. Na si jambo la wachache. Sensa ya 2020 ilihesabu zaidi ya watu milioni 375 wanaoishi mbali na mahali waliposajiliwa, yaani zaidi ya mmoja katika kila Wachina wanne. Jambo lenye watu wengi kiasi hicho halikosi maneno ya kuzuliwa.

"Hamu ya kwao ni ugonjwa wa wanyonge"

Dhana hii ina cheti cha daktari kabisa. Mwaka 1688 huko Basel, Uswisi, kijana wa udaktari aitwaye Johannes Hofer aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, kurejea na maumivu, akapata nostaljia, jina la maradhi aliyosema yanawapata Waswisi walio ugenini. Baadaye wapo waliodai kwamba chanzo ni kengele za ng'ombe wa milimani, zilizowagonga Waswisi masikio na ubongo tangu utotoni. Tunacheka leo, lakini mzazi anayemwambia kijana wake "acha kuwaza nyumbani, fanya kazi" anafuata njia ileile ya Hofer bila kujua.

Jibu zuri limetoka China kwenyewe. Mwanasaikolojia Xinyue Zhou na wenzake, wakiwa katika Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen mjini Guangzhou, walichapisha utafiti mwaka 2008 ambao miongoni mwa waliohojiwa walikuwa watoto wa wahamiaji waliotoka vijijini. Upweke, kama mtu angetarajia, uliwafanya waone kwamba hawana wa kuwashika mkono. Lakini upweke huohuo uliwapeleka kwenye kumbukumbu za zamani, na kumbukumbu zile zikawarudishia hisia kwamba wana watu wao. Kwa maneno mengine, hamu haikuwa kidonda. Ilikuwa nafsi ikijifunga bandeji. Miaka minne baadaye kikundi hicho kilionyesha jambo la ajabu zaidi: katika chumba chenye baridi watu hukumbuka ya zamani zaidi, na aliyetoka kukumbuka huvumilia kuweka mkono ndani ya maji ya barafu kwa muda mrefu zaidi.

Msikimbilie kushangilia, hata hivyo. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2020, uliwafuata watu katika siku zao za kawaida badala ya kuwaomba wakumbuke jambo tamu maabara, na huko hamu ilionekana kuandamana na huzuni mara nyingi. Nadhani wote wako sahihi. Kumbukumbu uliyoichagua mwenyewe si sawa na ile inayokuvamia saa nane usiku kwenye bweni la kiwanda.

"Wote wanaokwenda kijijini wanarudi kwao"

Hapa ndipo watu wa mbali huchanganya zaidi. Tangu 1958 China ina mfumo wa usajili wa kaya, hukou, unaomfunga mtu na mahali. Mhamiaji anaweza kukaa mjini Shenzhen miaka ishirini, akala, akaoa na kuzeeka huko, huku karatasi zake zikisema ni mtu wa kijiji fulani cha mkoa wa Hunan. Kwa huyo, "kwao" ni moyo na ni sheria pia.

Lakini msongamano wa wikiendi ni wa watu wengine. Tangu miaka ya 1980, pembezoni mwa mji wa Chengdu, wakulima walianza kuwakaribisha watu wa mjini majumbani mwao wale kuku wa kienyeji, wacheze mahjong, mchezo wa vigae, chini ya miti na kulala. Biashara hiyo huitwa nongjiale, furaha ya nyumba ya mkulima, na imeenea nchi nzima. Kule Moganshan, mkoani Zhejiang, nyumba za wakulima zimekuwa hoteli ndogo ambazo mkulima wa kawaida hathubutu kuuliza bei. Wengi wa wageni hao wamezaliwa ghorofani. Wanatamani kijiji ambacho hawakuwahi kuishi, hamu ya kuazima, na bado wanarudi wametulia.

Kisha kuna wazee waliokuwa vijana wa mjini enzi za Mao, ambao serikali iliwapeleka mashambani kwa mamilioni, hasa baada ya 1968. Walilima kwenye baridi, walikosa shule, wengine walikaa muongo mzima. Leo hukodi basi na kurudi kuona vibanda vilevile, wakapiga picha na kuimba. Asiyewaelewa husema wamesahau mateso. Hawajasahau. Wanautafuta ujana wao, na ujana wao uliachwa pale.

"Kijiji kinamngoja kama alivyokiacha"

Hakimngoji. Wachina hukiita kijiji kilichobaki tundu katikati: vijana wameondoka, wamebaki wazee na wajukuu. Kuanzia 2001 shule nyingi ndogo za vijijini ziliunganishwa, kwa hiyo mtu anarudi na kukuta darasa lake limekuwa ghala. Mtoto wake aliyekulia mjini hajui lahaja ya bibi, na chakula cha jioni kinakwenda kwa tafsiri. Halafu shangazi wanafika na maswali yao: mshahara kiasi gani? Mchumba yuko wapi? Nyumba mmenunua? Kuna vijana wanaohesabu siku za kuondoka kuanzia usiku wa kwanza.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kinachomponya mtu wa mjini ni hewa safi tu. Hewa ina sehemu yake. Lakini milima ni ileile kwa aliyetulia na kwa anayehesabu siku. Tofauti iko mezani, kwa nani anakuuliza nini.

"Wakipapenda hivyo, si warudi?"

Ajira hakuna, na shule ya mtoto iko mjini. Serikali nayo, katika mkutano wake mkuu kuhusu ukuaji wa miji mwezi Desemba 2013, ilitaka wananchi waone milima, waone maji, wakumbuke xiangchou. Kukumbuka, si kuhama. Hata hivyo wengi hawataki kuachia usajili wa kijijini, kwa sababu ndio unaobeba haki ya shamba na kiwanja. Wanajenga. Ukipita vijijini utaona nyumba za ghorofa tatu, vigae vinang'aa, zimejengwa kwa mshahara wa kiwandani na zimefungwa kufuli. Karatasi nyekundu za heri hubandikwa mlangoni wakati wa sikukuu, kisha jua na mvua huzipausha hadi mwenye ufunguo atakapokuja kubandika nyingine.