Kwa nini kocha wa Marekani hajibu barua ya kijana wa kidato cha nne

Swali ninalopata zaidi kutoka kwa wazazi wa huku Eldoret na Iten huja kwa WhatsApp, na karibu kila mara linafanana: "Mwalimu, kijana amekimbia mita 5,000 kwa dakika 14 na sekunde 5, KCSE amepata C+, tumeandikia vyuo vingi na hakuna anayejibu. Tumekosea wapi?"

Mara nyingi hawajakosea popote. Muda huo, kwa uwanja wa Eldoret ulio zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, si wa kudharauliwa. Shida ni kwamba kocha akifungua barua ile hamlinganishi kijana na wenzake waliofunga shule Novemba. Anamlinganisha na mkimbiaji wa miaka 22 au 23 aliyekwisha kuwa Marekani, mwenye viza na matokeo ya darasani ya miaka mitatu, ambaye ameingia kwenye mfumo wa uhamisho wiki iliyopita na anatafuta chuo kingine.

Mimi kazi yangu ni kuwaandaa wanariadha wa shule za sekondari kutafuta ufadhili wa masomo Marekani. Nimechoka kulieleza jambo hili kwa sauti za WhatsApp, kwa hiyo naliandika hapa mara moja.

Tuanze na kanuni ya msingi. Katika Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, mwanamichezo hupewa misimu minne ya kushindana, na lazima aitumie ndani ya miaka mitano. Saa ya miaka mitano huanza siku anayojiunga na chuo kama mwanafunzi wa muda kamili. Chuo chochote, hata cha Kenya. Hapo ndipo watu wetu huumia bila kujua. Kijana anapangiwa chuo kikuu cha hapa kupitia KUCCPS, mzazi anasema aende kwanza asikae bure nyumbani, na mambo ya Marekani yakija baadaye mwaka mzima umekwisha kuliwa. Hakuna kocha atakayekuambia hilo usipomwuliza.

Halafu ikaja korona. Machi 2020 mashindano yote yalisimamishwa, na NCAA ikaamua kwamba wanamichezo wa msimu ule wa machipuo warudishiwe mwaka wao. Msimu wa 2020 hadi 2021 nao haukuhesabiwa kwa yeyote. Ulikuwa uamuzi wa haki, sina ugomvi nao. Ila fikiria maana yake kwa aliyekuwa kidato cha nne wakati ule: darasa zima lililopaswa kuondoka halikuondoka, na nyuma yake yakaja madarasa mengine yenye mwaka wa ziada kila moja. Bajeti za udhamini zilibaki pale pale huku kila kocha akiwa na wakimbiaji wa mwaka wa tano na wa sita. Wimbi hilo lilichukua miaka kuisha, kwa sababu aliyeanza chuo mwaka 2020 aliweza kuonekana kwenye mstari wa kuanzia hadi 2025 na hata baada ya hapo.

Wengi walidhani wimbi likipita mambo yatarudi yalivyokuwa. Hayakurudi, kwa sababu ya uhamisho.

Zamani mwanamichezo aliyetaka kuhama aliomba ruhusa kwa chuo chake kabla vyuo vingine kuzungumza naye na kumpa udhamini. Oktoba 2018 NCAA ilifungua potali ya uhamisho, yaani orodha ya mtandaoni ya wanaotaka kuhama: unaomba jina lako liingizwe, na kocha wako hana uwezo wa kukuzuia. Mwaka 2021 wanamichezo wa michezo yote wakaruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje mwaka mmoja. Katika riadha nafasi hiyo ya mara moja ilikuwepo tangu zamani. Waliokuwa wamefungwa hasa ni wa mpira wa vikapu, futiboli ya Kimarekani, besiboli na magongo ya barafuni ya wanaume. Badiliko lililotugusa sisi zaidi ni la Aprili 2024, baada ya kesi mahakamani. Sasa mtu anaweza kuhama mara nyingi atakavyo na kushindana papo hapo, mradi matokeo yake ya darasani yanamruhusu.

Anayefuata soka atalielewa upesi. Ni dirisha la usajili la Simba na Yanga, lakini bila ada ya uhamisho na bila mkataba wa kumzuia mchezaji. Klabu ikiweza kumpata mshambuliaji aliyefunga mabao msimu uliopita kwa bei ile ile ya kijana wa timu ya vijana, itamchukua nani?

Kocha naye ana sababu zake, na tukimwita mbaya hatutaelewa lolote. Akimtazama aliyehama, anafungua tovuti ya matokeo ya vyuo na kuona kila mbio alizokimbia: tarehe, uwanja, nani alikuwa wa ngapi, muda wa mashine hadi sehemu ya mia ya sekunde. Akimtazama kijana wetu anaona muda uliochukuliwa kwa saa ya mkononi kwenye uwanja wa vumbi, pamoja na video iliyopigwa na binamu yake ambamo mzunguko wa mwisho umefichwa na kichwa cha mtu. Hajui kama kijana ataweza baridi ya Iowa, chakula cha bweni, insha za Kiingereza kila wiki. Hajui kama ubalozi utampa viza. Na kocha huyo anahukumiwa kwa matokeo ya mbio za nyika za Novemba hii, wala si ya miaka mitatu ijayo.

Juni 2025 likaongezwa jambo jingine. Jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano ya kesi inayoitwa House dhidi ya NCAA. Magazeti yaliandika zaidi juu ya pesa, kwamba vyuo vinaweza kuwalipa wanamichezo moja kwa moja hadi dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Mkimbiaji wa mita 10,000 asitarajie kuziona nyingi kati ya hizo. Sehemu kubwa huenda kwenye futiboli na vikapu vya wanaume. Isitoshe, mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 anabanwa sana katika kazi na malipo, kwa hiyo asiguse mkataba wowote wa matangazo kabla ya kuzungumza na ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwake.

Kwetu sisi uzito uko kwenye idadi ya watu. Awali NCAA iliweka kikomo cha udhamini: riadha na mbio za nyika kwa pamoja, wanaume walikuwa na udhamini kamili 12.6 na wanawake 18, na kocha aliweza kuugawanya vipande vipande kwa watu wengi anavyotaka. Kikosi chenyewe hakikuwa na mwisho. Sasa kikomo cha udhamini kimeondolewa na kikosi ndicho kilichowekewa mwisho, kwa vyuo vilivyokubali mpango huo: watu 17 katika mbio za nyika na 45 katika riadha. Hao 45 ni pamoja na warukaji, warusha tufe, wa mita 100 na kila mtu.

Chukua kikosi cha kubuni cha wanaume 17 wa nyika. Tuseme 11 wanaendelea na masomo. Wawili ni vijana wa mtaani, wa shule za jimbo lile lile, ambao kocha aliwaahidi tangu mwaka jana. Zimebaki nne. Kocha anataka kufuzu mashindano ya kitaifa, ambako timu hupeleka wakimbiaji saba na watano wa kwanza ndio huhesabiwa alama. Anaona ana mtu wa kwanza mzuri na wa tatu mzuri, hana wa pili. Anakwenda kwenye potali na kuchukua wawili waliokomaa. Zimebaki mbili. Hizo mbili ndizo zinazogombewa na vijana wote wa sekondari wa Marekani, Uingereza, Norwei, Eritrea, Uganda na Bonde la Ufa. Zamani angesema, "Njoo, nikupe robo ya udhamini, ukue taratibu." Siku hizi nafasi ya mtu wa kukua taratibu ni ile ile ya mtu wa kufunga alama leo.

Hapa lazima niwe mkweli kwa upande wa pili pia. Mzazi wa kijana wa sekondari kule Colorado akilalamika kuwa mwanawe amekosa nafasi, mara nyingi anawalaumu Wakenya: wanakuja wakiwa na miaka 21, wamekomaa, watoto wetu wa miaka 18 watafanyaje? Hoja yake ina ukweli ndani yake. Wakimbiaji wetu wamekuwa wakibadilisha mbio za vyuo vya Marekani tangu enzi za Henry Rono pale Washington State, ambaye mwaka 1978 alivunja rekodi nne za dunia akiwa mwanafunzi, na za Mtanzania Suleiman Nyambui wa UTEP, Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso, aliyeleta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Olimpiki ya Moscow. Mwaka 2024 Doris Lemngole wa Alabama alitwaa taji la mbio za nyika la wanawake. Kwa hiyo mfumo unaowapendelea waliokomaa umewasaidia Wakenya wengi. Wanaoumia ni Wakenya wa miaka 18, na hao ndio ninaokaa nao uwanjani kila asubuhi.

Nawashauri nini? Kwanza, waache kuidharau njia ndefu. Kuna vyuo vya miaka miwili chini ya chama chao cha michezo, NJCAA, na vipo ambavyo vimezoea kupokea wakimbiaji wetu kwa miaka mingi. Wesley Kiptoo alianzia Colby, chuo cha aina hiyo huko Kansas, akahamia Iowa State, na mwaka 2021 akawa bingwa wa NCAA wa mita 5,000 za ndani. Sam Chelanga alianza Fairleigh Dickinson, akahamia Liberty, akashinda mbio za nyika za kitaifa 2009 na 2010. Potali ile ile inayomfungia kijana mlango mwanzoni humfungulia baada ya miaka miwili, akiwa na muda wa mashine na alama za darasani. NAIA nayo, chama cha vyuo vidogo, haina saa ya miaka mitano. Inahesabu mihula kumi uliyosoma kweli, jambo linalomfaa aliyesimama katikati kwa sababu ya karo au ugonjwa.

Kuhusu chuo cha miaka miwili kuna tahadhari moja. Misimu unayokimbia huko kwa kawaida huhesabiwa ukifika NCAA. Desemba 2024 Diego Pavia, mchezaji wa futiboli wa Vanderbilt aliyeanzia chuo cha aina hiyo, alipata amri ya mahakama dhidi ya hesabu hiyo, na NCAA ikawalegezea wenzake walio katika hali kama yake kwa msimu wa 2025 hadi 2026. Mwaka 2025 mjadala wa kuwapa wanamichezo misimu mitano ndani ya miaka mitano ulipamba moto. Usipange maisha kwa kutegemea kesi za watu wengine. Panga kana kwamba kila msimu unahesabiwa.

Sasa jambo ninalopigania kuliko yote: mwaka wa kukaa nyumbani. Divisheni ya Kwanza humpa mkimbiaji mwaka mmoja wa neema tangu tarehe aliyopaswa kumaliza sekondari. Aliyopaswa, hata kama alirudia kidato. Baada ya hapo, akiendelea kushindana katika mashindano rasmi bila kujiunga na chuo, anakatwa msimu kwa kila mwaka aliokimbia, na akifika chuoni hukaa nje mwaka mzima wa masomo kwanza. Aliyemaliza Novemba 2024 akaingia chuo Agosti 2025 yuko salama. Aliyesubiri hadi Agosti 2026 huku akikimbia kila Jumamosi amejipunguzia thamani mwenyewe, kwa sababu kocha anamwona mtu wa misimu mitatu ambaye mwaka wa kwanza hawezi kumtumia. Mbele ya mtu wa potali aliye tayari kesho, hana nafasi.

Na mbio za barabarani zinahesabika. Kwa NCAA hizo ni riadha kama riadha nyingine, na pesa za zawadi zinaweza kukuharibia kabisa haki ya kushindana. Najua shilingi elfu ishirini za kumaliza wa tatu ni nyingi nyumbani. Nawaambia vijana wanipigie kabla ya kujiandikisha. Wengine hupiga wakiwa wameshapokea.

Kocha akijibu hatimaye, msikimbilie kusema asante na kutuma pasipoti. Mwulizeni: chuo chako kimekubali kikomo cha 17? Wangapi wanaendelea mwaka ujao? Umechukua wangapi kutoka potali miaka miwili iliyopita, na wangapi kutoka sekondari? Udhamini huu ni wa mwaka mmoja au zaidi, na nikiumia mguu Septemba unabaki? Wewe mwenyewe mkataba wako unaisha lini? Swali hili la mwisho vijana wetu huona ni utovu wa adabu. Kocha wa Marekani haoni hivyo, na akiondoka yeye huenda ninyi pia mkajikuta kwenye potali.

Majibu yake ayatume kwa barua pepe. Akipiga simu, mwandikieni jioni ile ile kwa adabu, "Kocha, kama nilivyokuelewa leo," kisha mwandike kila kitu alichosema na kumwomba athibitishe.