Ndevu za Yue Buqun, au kwa nini nawaomba wanafunzi wasome kabla ya kutazama

Wanafunzi wangu wa lugha ya Kichina wakiniuliza waanze na riwaya ipi ya Jin Yong, mwandishi wa hadithi za wapiganaji wa panga, huwatajia "Xiao Ao Jiang Hu", halafu papo hapo huwaomba wasiguse kwanza filamu wala tamthilia zake. Hushangaa, maana hadithi hii imeigizwa mara nyingi Hong Kong, Taiwan, Singapore na China bara, tena na majina makubwa: Chow Yun-fat mwaka 1984, Jet Li mwaka 1992. Sababu yangu ni mtu mmoja tu, Yue Buqun. Ukimwona sura kabla ya kumsoma, nusu ya utamu wa kitabu imekwisha. Kueleza sababu hiyo kunanilazimu kutoboa siri zake, hivyo anayetaka kuisoma bila kujua lolote aishie hapa, arudi akimaliza.

Jin Yong, jina lake halisi Zha Liangyong, alizaliwa Haining, mkoa wa Zhejiang, mwaka 1924. Akiwa Hong Kong alishiriki kuanzisha gazeti la Ming Pao mwaka 1959, na humo ndimo riwaya hii ilimotoka kidogo kidogo kati ya 1967 na 1969. Mapinduzi ya Utamaduni yalikuwa yamepamba moto China bara, na mwaka huo wa 1967 Hong Kong yenyewe ilichafuka kwa ghasia na mabomu. Kalamu iliyoandika tahariri za siku zile ndiyo iliyoandika na riwaya. Katika neno lake la mwisho kitabuni anasema wazi kwamba wengi wa wahusika wake ni wanasiasa waliovikwa panga, na kwamba hakutaja enzi yoyote ya historia kwa kuwa mambo haya yangeweza kutokea enzi yoyote. Anasimulia pia kwamba magazeti 21 ya Saigon, ya Kichina, Kivietinamu na Kifaransa, yaliichapisha kwa wakati mmoja, na kwamba bungeni huko Vietnam Kusini wabunge walishambuliana kwa kuitana Yue Buqun au Zuo Lengchan. Zuo Lengchan, mkuu wa shule ya upanga ya Mlima Song, anataka utawala na hajifichi. Yue Buqun ndiye mnafiki.

Yeye ni mkuu wa shule ya upanga ya Mlima Hua, na watu wamempa jina la Upanga wa Muungwana. Pamoja na mkewe, Ning Zhongze, amemlea shujaa wa hadithi, Linghu Chong, aliyekuwa yatima. Husema taratibu, hakemei bila sababu, hugusia haki katika kila sentensi. Wakati huohuo kila mwenye tamaa anakiwinda kitabu cha siri za upanga cha ukoo wa Lin wa Fuzhou, wenye kampuni ya kusindikiza mizigo ya wafanyabiashara. Sharti la kwanza la kitabu hicho ni kwamba mwanamume anayetaka kujifunza ajihasi.

Sasa itazame sura ya kwanza. Kijana wa ukoo huo, Lin Pingzhi, anaingia kwenye kilabu kidogo cha pombe nje ya mji. Anamkuta muuzaji, binti mwenye uso wenye madoa, akichokozwa na wageni wa shule ya Qingcheng. Anaingilia kati, wanapigana, anamuua mmoja wao. Marehemu ni mtoto wa mkuu wa Qingcheng, na ukoo wa Lin unateketezwa. Baadaye tunaambiwa kwamba yule binti alijigeuza sura: ni Yue Lingshan, mtoto wa Yue Buqun, na mzee aliyekuwa naye kilabuni ni mwanafunzi wa baba yake. Eti walitumwa kuchunguza nyendo za watu wa Qingcheng. Maelezo yanatosha, msomaji anaendelea na safari. Kurasa mamia baadaye ndipo swali linapomrudia: muungwana huyu alikuwa na shughuli gani Fuzhou hata akamtuma binti yake kabla balaa halijaanza? Jibu lilikuwa mbele ya macho yetu tangu mwanzo. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa ni nguo kwelikweli, kwa sababu siri za ukoo wa Lin ziliandikwa kwenye joho la mtawa wa Kibudha.

Kwenye skrini hila hii haifanyi kazi. Mwigizaji maarufu aliyepakwa rangi usoni tunamtambua kabla hajafungua kinywa.

Tena, katika sura za mwanzo Linghu Chong mwenyewe hayupo. Tunamjua kwa ushahidi wa Yilin, mtawa kijana anayewasimulia wakubwa wa shule mbalimbali kule Hengyang jinsi alivyookolewa na mlevi mwenye matusi aliyepigana huku ameketi kitini asinyanyuke. Wakubwa wanasikia matusi tu, sisi tunausikia wema. Tamthilia nyingi hutuonyesha pambano lenyewe, nami naelewa, ni pambano zuri. Lakini Jin Yong alikuwa anatuzoesha kumpima mtu kwa maneno ya wengine, na zoezi hilo tutalihitaji sana siku Linghu Chong atakaposingiziwa wizi na mwalimu wake, Yue Buqun.

Linalonisumbua zaidi ni la Dongfang Bubai. Kitabuni, katika sura 40, anaonekana katika moja tu, ya 31. Mbabe huyu anayeogopwa kuliko wote, aliyejihasi kwa ajili ya siri za aina ileile, anakutwa chumbani, amevaa kike, anadarizi. Anapambana na kundi zima kwa sindano ileile ya kudarizi, na hashindwi mpaka Ren Yingying, mpenzi wa Linghu Chong, anapomtesa Yang Lianting, mpenzi wa Dongfang Bubai, ili amvuruge mbabe huyo. Sura fupi, ila ina kazi maalumu: baadaye kwenye Mlima Song, Yue Buqun anapompofusha Zuo Lengchan, Linghu Chong anautambua mwendo ule. Ameshauona, kwenye sindano. Hapo anaelewa mwalimu wake amejifanyia nini.

Katika filamu ya 1992 ya Ching Siu-tung, Brigitte Lin alimcheza Dongfang Bubai kwa nguvu ya ajabu, nami naipenda filamu ile. Lakini Yue Buqun hayumo kabisa, na tangu hapo mbabe wa sura moja akawa roho ya hadithi. Tamthilia ya 2013 ikamfanya mwanamke halisi anayempenda Linghu Chong. Ushahidi mkuu wa unafiki wa Yue Buqun ukapotea katika mapenzi.

Na ndevu? Riwaya haituonyeshi Yue Buqun akibadilika. Lin Pingzhi ndiye anayemsimulia mkewe, Yue Lingshan, ndani ya gari la kukokotwa, maneno aliyoyadukua Ning Zhongze akimwambia mumewe: sauti yako imekuwa nyembamba, ndevu zako naziokota kitandani. Muungwana alikuwa anabandika za bandia. Skrini haina njia ya kulionyesha hili, kwa sababu katika tamthilia za kale ndevu zote ni za kubandikwa na jicho letu limeshazizoea.

Tamthilia ya CCTV, televisheni ya taifa ya China, ya 2001 ndiyo iliyonikaribia moyoni. Jin Yong aliwauzia haki kwa yuan 1. Wei Zi anamcheza Yue Buqun kwa utulivu, bila kutukonyeza hata mara moja, na Dongfang Bubai akapewa Mao Weitao, mwanamke nyota wa opera ya Yue, opera ya mkoa wa Zhejiang isiyohusiana na jina la Yue Buqun, aliyezoea kuigiza wanaume. Uamuzi wa busara sana.

Kuna mahali pamoja ambapo kitabu kinasalimu amri. Liu Zhengfeng na Qu Yang, wa kambi mbili zenye uadui, wanatunga muziki wa filimbi na zeze la qin, na urafiki huo unawaua. Karatasi inaweza tu kusema kwamba wimbo ni mzuri. Kwa filamu ya 1990, James Wong aliutunga kweli: unaanza kwa noti tano za muziki wa kale wa Kichina zikishuka moja baada ya moja. Huo usikilizeni hata kabla ya kusoma, hauharibu kitu.