Je, wajua kwa nini Shakespeare, mtunzi wa tamthilia wa Uingereza, humwingia mtoto kwa sikio kabla ya jicho?

Mtoto wa Kizanzibari, hata hajaanza skuli, huwa keshahifadhi maneno mengi asiyoyajua maana. Mwambie "Paukwa!" atakujibu "Pakawa!", na ukiendelea na "Kaondokea chanjagaa" atakufuata hadi mwisho bila kukuuliza chanjagaa ni kitu gani. Chuoni husoma Alif Lam Mim kwa sauti ya juu, herufi ambazo wanavyuoni wenyewe husema Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye makusudio yake. Kwenye Maulidi ya Barzanji anajua wakati wa kusimama kiyamu umefika kwa namna sauti za watu zinavyopanda tu. (Nalinganisha sikio hapa, silinganishi maneno.) Hakuna mzazi anayesema mtoto huyu hajafikia umri. Ila mtaje Shakespeare, sote tunashtuka: huyo mgumu, angoje mpaka kidato cha tano!

Ugumu huo umetoka wapi?

Umetoka kwenye karatasi. Wengi wetu tulikutana naye darasani, kitabu kimoja kwa wanafunzi wanne, maelezo tele chini ya ukurasa, na mtihani unatusubiri. Mwenyewe hakuandika ili asomwe hivyo. William Shakespeare alizaliwa Stratford, Uingereza, mwaka 1564, akafariki 1616, na riziki yake ilitoka kwa watu waliolipa mlangoni ili waje kusikiliza. Waliosimama uwanjani katika jumba la Globe, lililojengwa London mwaka 1599, walitoa peni moja, na wengi wao kusoma walikuwa hawajui. Kuchapisha hakukuwa na haraka. Ilipofika 1623, miaka 7 baada ya kifo chake, ndipo waigizaji wenzake wawili walipokusanya tamthilia 36 katika kitabu kimoja, na kama nusu yake zilikuwa hazijawahi kupigwa chapa. Kati ya hizo zilikuwamo Macbeth, Julius Caesar na The Tempest. Kwa miaka mingi ziliishi midomoni mwa waigizaji na masikioni mwa wasikilizaji, kama kibati chetu cha Pemba, ambapo watu wawili hujibizana mbiombio juu ya ngoma na msikilizaji hudaka mstari mmoja kati ya mitatu, na bado akacheka.

Kuna jambo jengine ambalo mimi hunifurahisha zaidi. Zama zile wanawake hawakupanda jukwaani, kwa hivyo sehemu zao zilichezwa na vijana wa kiume ambao sauti zao hazijavunjika. Maneno ya mke wa Macbeth, ambayo leo tunasema ni mazito mno kwa mtoto, yaliwahi kuhifadhiwa na kutamkwa na mvulana.

Mwaka 1807 ndugu wawili wa London, Mary na Charles Lamb, walitoa kitabu cha hadithi 20 zilizochotwa kwenye tamthilia hizo kwa ajili ya watoto. Mary aliandika 14, mdogo wake 6, lakini toleo la kwanza lilitoka kwa jina la Charles peke yake. Katika dibaji walieleza kuwa kitabu kimekusudiwa hasa wasichana, kwa sababu wavulana huruhusiwa mapema kushika vitabu vya baba zao. Kisha wakawaomba wavulana hao wawasomee dada zao, na kuwafafanulia palipo pagumu. Kwa hiyo hata Waingereza wenyewe, miaka mia mbili iliyopita, walijua kuwa mwandishi huyu anataka mtu wa kukaa karibu nawe akusomee.

Kitabu hicho kilikuja kufika na kwetu. Edward Steere, mmisionari aliyekuja Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, alipiga chapa hapa hapa Unguja, mwaka 1867, hadithi chache za akina Lamb kwa Kiswahili. Miaka mitatu baadaye akachapisha London mkusanyo wa ngano alizosimuliwa na watu wa Unguja. Amezikwa ndani ya kanisa la Mkunazini, na wengi wanaopita pale kila siku hawajui kuwa Shakespeare alianza kusema Kiswahili karibu na hapo, karibu miaka mia kabla ya Mwalimu Nyerere. Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, akaitengeneza upya na kuiita Juliasi Kaizari mwaka 1969, mwaka ule ule alipotoa Mabepari wa Venisi. Samuel Mushi naye akatafsiri Makbeth (1968) na Tufani (1969), yaani The Tempest.

Sisi, nyumbani kwetu Wete, tulianza na Tufani, mwezi wa Ramadhani, baada ya tarawehe, kwa nakala ya kuazima. Sikuichagua kwa busara, ndiyo niliyoipata. Lakini sasa nasema mtoto wa Pemba aanze na hiyo. Chombo kinakwenda mrama baharini, serahangi anawafokea wakubwa wa serikali wateremke chini wasiwazuie watu kazi, kwani wimbi halimjui mfalme. Mtoto ambaye babu yake alikuwa nahodha haelezwi neno hapo. Kisha kuna kisiwa, na katika kisiwa kuna mzee mwenye elimu ya siri, Prospero, aliyenyang'anywa utawala na ndugu yake wa damu na kutupwa baharini na binti yake mdogo katika chombo kibovu. Anatumikiwa na Ariel, aliyekuwa amefungwa ndani ya mti miaka 12 na mchawi. Mtu mzima msomi hapo huanza kuuliza Ariel anawakilisha nini. Mdogo wetu wa miaka minane aliuliza mti gani. Nikamwambia ni wa jamii nyengine, lakini achukulie mvinje. Akaridhika, maana majini na miti mikubwa kwake si jambo la kustaajabu.

Kwa nini basi anaelewa, na maneno mengine hajapata kuyasikia? Anayejisomea peke yake hutumia nguvu nyingi kuunga silabi na kuutafuta mwisho wa sentensi, akifika huko mwanzo umeshamtoka. Anayesomewa kazi hiyo amefanyiwa. Sauti ya msomaji inambebea nusu ya maana: hapa pana hasira, hapa pana kejeli, hapa mtu anaomba. Chukua, katika Juliasi Kaizari, hotuba ya Antony juu ya maiti ya Kaisari, aliyeuawa na Brutus na wenzake. Anarudia na kurudia kuwa Brutus ni mtu wa heshima. Kwenye karatasi, mwanafunzi huandika kuwa Antony anamsifu Brutus. Ukiisoma kwa sauti, mara ya kwanza watoto hukubali, mara ya pili hutazamana, mara ya tatu mmoja hucheka, kwa sababu kila mtoto anaijua sauti ya shangazi anayesema "Mashallah, fulani mtu mzuri sana" huku amebetua mdomo. Kejeli ile hawakufundishwa na mtu.

Na mapigo yenyewe husaidia. Mstari wa Shakespeare kwa kawaida una silabi kumi, zikipanda na kushuka mara tano. Utenzi wetu una mizani nane, shairi kumi na sita. Sikio lililolelewa kwa mizani halipotei, ingawa Nyerere, kwa kumfuata Shakespeare, aliacha vina, na mama yangu hadi leo anasema hilo si shairi. Ana haki yake.

Mabepari wa Venisi ilikuja baada ya Idi. Vyombo vya mfanyabiashara Antonio havijarudi, deni limeiva, na Shylock aliyemkopesha anadai ratili ya nyama ya mwili wake kama mkataba ulivyosema. Portia, aliyejigeuza mwanasheria wa kiume, anamjibu kuwa nyama achukue, ila mkataba haukutaja damu, basi tone moja lisidondoke. Watoto walipiga kelele: Abunuwasi huyo! Na ni kweli. Ni yule yule aliyemlipa tajiri kwa mlio wa pesa, kwa kuwa masikini alikuwa amekula harufu tu ya nyama yake. Hapo nilitulia kidogo, kwani tamthilia hii pia inamtukana na kumtemea mate Shylock kwa Uyahudi wake. Nikawauliza kama kuna haki. Binti wa miaka kumi na tatu akasema mtu uliyemtemea mate jana usimwombe huruma leo. Nilikuwa sijafika huko mwenyewe.

Namna tulivyofanya haina ufundi mkubwa. Kila mmoja alipewa mhusika wake wa kumsomea, asiyejua kusoma akapewa kupiga radi kwa sinia. Neno gumu tuliliruka, akiuliza mtu tunamjibu kwa neno moja na kuendelea. Mizaha ya kikubwa, na imo, niliipita kimya kama walivyofanya akina Lamb. Makbeth bado nimeificha, kwa sababu usiku wa Pemba hautaki kuongezewa wachawi.

Usiku wa mwisho wa Tufani, Prospero anaapa kuivunja fimbo yake, anamwachia Ariel huru, na tamthilia inakwisha bila kutwambia Ariel alikokwenda. Mdogo akauliza kaenda wapi. Dada yake, anayekusanya vikombe, akamjibu: "Sijui, lakini kwenye mvinje harudi."