"Asiyefanya kazi na asile": Paulo hakusema hivyo

Hapa Bagamoyo, kusi likivuma kwa nguvu, ngalawa hulala ufukweni na vijana hukaa chini ya miti karibu na soko la samaki. Mpita njia hakosi kuwatupia neno: "Biblia imesema, asiyefanya kazi na asile."

Haikusema hivyo. Fungua 2 Wathesalonike 3:10: "ikiwa mtu hataki kufanya kazi, basi, asile chakula." Hataki. Neno hilo moja ndilo linalobeba mstari mzima, na ndilo tunalolimeza kila siku. Mstari wa 11 unaonyesha walengwa: watu waliokwenda bila utaratibu, wameacha shughuli zao wakachimba za wenzao. Paulo aliwakemea akiwa na haki ya kukemea, maana kule Korintho yeye mwenyewe alishona mahema.

Sasa watazame wale vijana kwa karibu. Mmoja ana wavu mapajani, sindano ya nyavu mkononi, anaziba tundu moja baada ya jingine. Huyo ni mvivu? Mwenzake kaamka alfajiri kutafuta kibarua, karudi mikono mitupu. Yesu alisimulia habari za watu wa namna hiyo katika Mathayo 20. Walipoulizwa mbona wamesimama bure mchana kutwa, walijibu: hakuna aliyetuajiri. Mwenye shamba hakuwasimanga, akawapeleka shambani, na jioni akawalipa dinari nzima, ujira wa siku kamili.