Nauli ya mtafiti chipukizi wa kisukari

Tarehe 30 Desemba 1921, daktari mpasuaji mwenye umri wa miaka 30 alisimama mbele ya wanafiziolojia wa Marekani mjini New Haven, akababaika. Frederick Banting hakuwa na jina wala mazoea ya kuhutubia. Matokeo aliyokuja nayo kutoka Chuo Kikuu cha Toronto yalitokana na mbwa wachache waliotolewa kongosho, wakapata kisukari, kisha wakadungwa kimiminika kilichokamuliwa kutoka kongosho za wanyama wengine. Maswali yalipomzidi, mkuu wake, John Macleod, ikabidi aingilie kati. Banting aliondoka pale na kinyongo.

Ukumbini, hata hivyo, alikuwamo George Clowes, mkuu wa utafiti wa kampuni ya dawa ya Eli Lilly. Alichokisikia kilimtosha, akaanza kumwandama Macleod wafanye kazi pamoja. Siku 12 baadaye, Januari 11, 1922, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 mwenye kisukari, alichomwa sindano ya kwanza ya kimiminika hicho jijini Toronto. Mwezi Mei mwaka huohuo chuo na kampuni vikaandikiana mkataba, na dawa hiyo, insulini, ikatoka maabara ya chuo ikaingia kiwandani.

Nayasimulia haya kwa sababu kwenye vikao vyetu vya kupitia maombi ya ufadhili wa watafiti chipukizi hapakosi mjumbe wa kuuliza: “Kwani lazima aende mkutanoni? Si atume makala tu?” Makala ya Banting ingesomwa, sina shaka. Lakini Clowes alikuwa ukumbini siku ile, na mazungumzo yalianzia pale.

Tazameni pia Toronto walimpa nini Banting: chumba cha maabara, mbwa kadhaa, na mwanafunzi wa miaka 22, Charles Best, wa kumsaidia. Kiangazi kile wote wawili walianza kazi bila mshahara. Ulikuwa msaada mdogo mno, lakini ulifika mapema, kabla mtu yeyote hajawa na hakika kwamba wazo lenyewe litazaa kitu. Fedha nyingi za utafiti siku hizi humfuata mtu ambaye tayari ana orodha ndefu ya machapisho. Mwenye shahada ya uzamili iliyokamilika mwaka jana hubaki akisubiri.

Kwa upande wetu wa dunia, kusubiri huko kuna gharama. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kuwa watu wazima milioni 24 katika ukanda wake wa Afrika wanaishi na kisukari, zaidi ya nusu yao bila kujijua, huku fedha zinazotumika kwa ugonjwa huu barani zikiwa takriban asilimia 1 tu ya zinazotumika duniani kote. Nchini Tanzania, utafiti wa vijiji uliochapishwa mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa takriban mtu mmoja katika kila watu wazima 100. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ukakuta takriban 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Tafiti hizi mbili hazilingani moja kwa moja, kwa kuwa umri, maeneo na njia za kupima ni tofauti, na asiwadanganye mtu kwamba ugonjwa umeongezeka mara tisa kamili. Ila mwelekeo unaonekana.

Yapo pia maswali ambayo mtafiti wa Ulaya hawezi kuyajibu akiwa kwake. Kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili au mitatu, kinaweza kusoma chini ya ukweli kwa mtu aliyebeba kinasaba kimoja cha selimundu, na watu hao ni wengi Kanda ya Ziwa, Nyanza na Uganda. Mwaka 2025 utafiti uliofanyika Cameroon, Uganda na Afrika Kusini ulionyesha kuwa takriban theluthi mbili ya vijana waliokuwa wakitibiwa kama wagonjwa wa kisukari aina ya kwanza hawakuwa na zile kingamwili za kushambulia kongosho ambazo vitabu vinatufundisha kuzitafuta. Mwaka huohuo, Shirikisho likaitambua rasmi aina ya tano ya kisukari, inayohusishwa na utapiamlo. Mambo kama haya yanapojadiliwa kwenye mikutano mikubwa, anayewaona wagonjwa hao kila Jumanne kliniki anatakiwa awepo.

Sasa fedha zinapatikana wapi? Anza nyumbani. Vyuo vikuu vingi vina fungu dogo la utafiti kwa wanataaluma wake, na mara nyingi halitangazwi kwa kishindo. Tangazo linabandikwa, wiki mbili zinapita, basi. Kitaifa, Tanzania kuna COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na Kenya kuna Mfuko wa Taifa wa Utafiti. Anayetaka shahada ya uzamivu na ni mwajiriwa wa chuo mshirika, kama Dar es Salaam, Nairobi, Moi au Makerere, autazame mpango wa CARTA, wa kuwaandaa watafiti wa afya barani Afrika. Nje ya Afrika, Royal Society of Tropical Medicine and Hygiene, chama cha tiba ya magonjwa ya kitropiki cha Uingereza, hutoa ruzuku ndogo kwa wanaoanza, na Kituo cha Fogarty cha Marekani, cha utafiti wa afya wa kimataifa, kina tuzo ya K43 kwa wanataaluma chipukizi wa nchi za kipato cha chini na cha kati, ambayo hununua muda wako ili uache kufundisha vipindi lukuki na ufanye utafiti. Masharti hubadilika, kwa hiyo soma tangazo la mwaka husika.

Kwa safari, mfuko wa utafiti wa chama cha kisukari cha Ulaya, EASD, una ufadhili wenye jina la Albert Renold kwa watafiti vijana wanaokwenda kujifunza mbinu katika maabara nyingine. Chama chenyewe nacho husaidia nauli za baadhi ya vijana ambao mihtasari ya tafiti zao imekubaliwa kwenye mkutano wake wa kila mwaka. Zingatia neno “imekubaliwa”. Bila barua ya kukubaliwa, ombi lako la nauli halisomwi.

Bajeti za safari ndipo vijana wengi wanapoangukia. Tunafungua jedwali tunakuta mistari mitatu: tiketi, hoteli, usajili. Viza haimo. Viza ya Schengen, ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, ni yuro 90, ambazo hazirudi hata ukinyimwa, na bima ya safari lazima iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000. Anayetoka Mbeya au Mwanza ana safari ya Dar es Salaam kwenda kutoa alama za vidole, na pengine nyingine kufuata pasipoti. Kuna kuchapisha bango la kuonyesha utafiti wako mkutanoni. Kuna taarifa ya benki ya miezi kadhaa, ambayo kwa mwenye mkopo wa chuo haipendezi macho, ndiyo maana barua ya mfadhili inayotamka kwamba gharama zote zimelipiwa ni ya thamani kuliko kiasi chenyewe. Maombi ya viza hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15. Mtumishi wa umma ahesabu pia muda wa kupata kibali cha kusafiri nje ya nchi. Hayo yote yaandike kwenye jedwali. Hatutakuona mchoyo wala mlafi, tutakuona umejipanga.

Kuna jambo moja ambalo kosa ni la watoa fedha. Mifuko mingi, ya vyuo vyetu na ya nje, humtaka mtafiti ajilipie kwanza kisha arejeshewe. Kwa profesa hilo linavumilika. Msaidizi wa mhadhiri asiye na kadi ya mkopo atakopa kwa ndugu au ataiacha nafasi, na anayeiacha hatuoni jina lake popote. Chuo kinachotoa masurufu kabla ya safari hakipotezi kitu: tiketi ilipwe moja kwa moja kwa wakala, usajili ulipwe na idara, na fedha za malazi zipewe mtafiti ambaye atarudi kurejesha masurufu kwa stakabadhi. Mwombaji, uliza hili mapema, kwa maandishi. Wafadhili wengine huwa na njia ya kulipa mapema ila hawaiweki kwenye tangazo.

Nikiwa na fedha ya mtu mmoja, na kati ya waombaji wawili mmoja anakwenda mkutano wa siku nne na mwingine miezi miwili ya maabara kujifunza kupima kingamwili au peptidi C, inayoonyesha kongosho bado linatengeneza insulini kiasi gani, kwa kawaida nitampa wa pili. Nitamuuliza kwanza ukirudi utapimia wapi, kwenye mashine ipi, na vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vitanunuliwa na nani. Aliyekwisha kuzungumza na mkuu wa maabara ya hospitali yake, akaambatisha barua ya nusu ukurasa, huwa amemaliza kazi.